Je, wajua kwa nini pedi ya gemu huchanganya vitufe kwenye Linux?

Chukua kijana wa Mwanga, hapa Kigoma Mjini, mwenye kompyuta ya mtumba iliyowekwa Linux na pedi ya USB isiyo na jina, ile yenye umbo la pedi ya PlayStation. Anaichomeka, taa inawaka, gemu linaanza. Anabonyeza kitufe cha kupiga shuti, mchezaji anatoa pasi. Pedi ni nzima. Tatizo ni jinsi ilivyojitambulisha.

Ikichomekwa, pedi hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kisha hueleza ina vitufe na vijiti vingapi. Kerneli, yaani kiini cha Linux kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, husoma maelezo hayo na kuchagua draiva, programu ndogo ya kuendesha kifaa hicho. Pedi nyingi hufuata utaratibu wa HID, uleule wa kibodi na mausi, kwa hiyo hazihitaji kuwekewa kitu. Za Xbox 360 hazifuati, ndiyo maana zina draiva yao, xpad.

Sasa fungua teminali, dirisha la kuandikia amri, andika sudo evtest, programu inayoonyesha kila kinachotumwa na pedi, uchague pedi yako. Kila ukigusa kitu, mistari inashuka: aina ya tukio, msimbo, thamani. Kwenye pedi hizi za bei poa, kijiti cha kushoto kikitulia katikati husoma karibu 127, kisukume kushoto hadi mwisho, kinasoma 0, kulia, 255. Kerneli haijui shuti wala pasi, inapitisha namba tu.

Pedi inayojitambulisha kama pedi ya gemu, vitufe vyake huanzia msimbo 304, na 304 maana yake ni kitufe cha kusini. Waliobuni mpango huu walitumia pande za dunia, na naona walifikiri vizuri sana: kitufe cha chini kwa Sony ni X, kwa Xbox ni A, kwa Nintendo ni B, lakini kwa wote kiko kusini. Pedi inayojitambulisha kama joistiki huanzia 288, na hapo vitufe hufuata tu mpangilio wa kiwandani, ndipo shuti linaweza kugeuka pasi.

Pedi zenye namba ya mtengenezaji na ya bidhaa 0079:0006, za kampuni ya DragonRise, zina hata draiva yao ndogo ndani ya kerneli, hid-dr, inayorekebisha maelezo yenye kasoro na kuwezesha mtetemo. Kuna mtu alikaa chini akaiandika kazi hiyo kwa ajili ya pedi ya bei ya chini, na yeyote anaweza kuisoma.

Kupanga vitufe ni kazi ya SDL, maktaba inayotumiwa na gemu nyingi. Inasoma mstari mmoja wa maandishi: a:b2 maana yake kitufe cha chini ni namba 2, ukihesabu kuanzia 0. Kijana wetu akiandika mstari wa pedi yake na kuutuma kwenye orodha ya pamoja iitwayo SDL_GameControllerDB, ukikubaliwa, mwenye pedi kama hiyo kule Tabora, gemu lake likiwa na orodha hiyo mpya, atachomeka na kucheza.