Mparachichi wangu una choa? Maswali na majibu kuhusu kuvumwani

Gome la mparachichi wangu limejaa madoa ya kijivu, ya mviringo, kama choa. Mti unaumwa?

Kwa kawaida hapana. Hiyo ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja. Kuvu hujenga mwili na kuhifadhi maji. Mwani, chembe ndogo za kijani, hupika chakula kwa mwanga wa jua. Hainyonyi mti. Mti unaodhoofika hupukutisha majani, mwanga unafika kwenye gome, kuvumwani inastawi, kisha inasingiziwa maradhi iliyoyakuta.

Nitaitambuaje?

Kwa maji na ukucha. Nyunyizia doa maji: kijivu huanza kugeuka kijani ukiwa unatazama. Kwaruza kidogo, na chini ya ngozi ya juu utaona utando wa kijani. Masizi meusi kwenye jani la mchungwa, yanayofutika kwa kidole, ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu ya wadudu. Vidoa vya rangi ya kutu kwenye jani la mparachichi mara nyingi ni mwani uitwao Cephaleuros, na huo kweli hushambulia jani.

Kule Lushoto au kwenye miteremko ya Kilimanjaro utakuta pia ndevu za kijani-kijivu zikining'inia matawini. Chukua uzi mmoja uliolowa, uvute taratibu: ganda la nje linakatika, ndani unabaki uzi mweupe unaovutika kama mpira. Hiyo ni Usnea, nayo ni aina ya kuvumwani, na mtu akishaiona mara moja haisahau.

Watoto wanaukwea mti huo. Wataambukizwa choa?

Hapana. Choa huletwa na kuvu wa aina nyingine kabisa, wanaoishi kwenye ngozi, nywele na kucha. Mtoto akitokea na choa, chunguza paka, ndama, taulo la kuchangia na mashine ya kinyozi, mti uacheni.

Ila kuvumwani ina asidi zake, na baadhi ya watu huwashwa. Wakata miti wa Ulaya wanaujua upele huu tangu zamani. Ukipogoa vaa mikono mirefu, kisha oga kwa sabuni. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja.

Jirani anasema ndevu hizo zikichemshwa zinapunguza unene.

Mshukuru, usinywe. Usnea ina asidi ya usniki. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu waache vidonge vya kupunguza unene vya LipoKinetix, vilivyokuwa na asidi hiyo, baada ya watumiaji kuumia ini. Ni kweli asidi hiyo huua baadhi ya bakteria maabara, lakini ini lako halimo kwenye kisahani cha maabara. Kama umeshakunywa, na macho yakawa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, wahi hospitali na ubebe mabaki ya ulichochemsha.

Basi niikwangue?

Kwenye mti, ya nini? Utajeruhi gome bure. Penye shida ni ngazi na njia anayopita bibi asubuhi kukiwa na umande, maana panateleza. Hapo lowesha kwanza, usugue kwa brashi ngumu. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.