Si kila jaribio la kemia hufundisha utafiti

Dhana potofu: Majaribio yakiwa mengi, stadi za utafiti hujengeka zenyewe.

Ukweli: Mwanafunzi aliyepewa swali, hatua zote na jedwali la kujaza anajifunza kufuata maelekezo tu. Utafiti huanza anapoachiwa uamuzi.

Chukua mmenyuko wa tiosulfati ya sodiamu na asidi ya hidrokloriki. Salfa inayojitenga hutia ukungu hadi alama ya X iliyochorwa chini ya chupa isionekane. Mwulize mwanafunzi tu: ukolezi wa tiosulfati (wingi wake ndani ya myeyusho) unaathirije kasi? Wengi watapima cm³ 50, 40, 30, 20 na 10 za tiosulfati, waongeze cm³ 5 za asidi, na kusahau kujaliza maji ili ujazo uwe uleule kila mara. Hapo ukolezi haubadiliki kwa kiwango walichodhani, na kina cha kimiminika kinapungua, hivyo ukungu wa salfa wa kuificha X unatakiwa kuwa mzito zaidi. Usiharakishe kusahihisha. Uliza: “Nini kingine kimebadilika?” Swali hilo lina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelekezo.

Usalama, hata hivyo, hauachwi kwa mwanafunzi. Mmenyuko huu hutoa gesi ya dioksidi ya salfa: kagua mpango kabla hajaanza, fungua madirisha, na mchanganyiko uliokwisha umwagwe mara moja kwenye myeyusho wa kabonati ya sodiamu.

Dhana potofu: Kurudia jaribio huondoa makosa.

Ukweli: Hupunguza athari ya makosa nasibu pekee, yaani yale yanayotokea ovyo, mara juu mara chini. Anayepuliza tone la mwisho la pipeti (mrija wa kupimia ujazo maalumu) ambayo haikuundwa kupulizwa atapata majibu matatu yanayokaribiana kabisa, na yote yamezidi.

Dhana potofu: Jibu lililo karibu na la mwalimu ndilo ushahidi wa stadi.

Ukweli: Kutuza jibu peke yake ni kumfundisha mtoto kupika data, na hilo ni dhara kubwa. Tuza namna anavyozipima namba zake. Kila usomaji wa bureti (mrija wenye bomba na vipimo vya ujazo) una shaka, yaani kiasi unachoweza kukosea, ya ±0.05 cm³, ujazo uliotumika hutokana na kutoa usomaji mmoja kwenye mwingine, kwa hiyo shaka yake hufika ±0.10. Kwenye cm³ 25.00 hiyo ni asilimia 0.4, lakini kwenye cm³ 5.00 ni asilimia 2. Anayeliona hilo, akaamua kuzimua (kupunguza ukolezi wa) myeyusho wa bureti ili atumie ujazo mkubwa zaidi, anastahili alama nyingi hata kama jibu lake lina kasoro.

Dhana potofu: Ripoti ya mwisho inatosha kupimia.

Ukweli: Ripoti safi huficha maamuzi. Kusanya mpango kabla ya kazi, na daftari lenye namba ghafi zilizoandikwa kwa wino; iliyokosewa ikatwe mstari mmoja, isifutwe. Kazi ikiwa ya kikundi, mhoji kila mmoja peke yake kwa dakika tatu: kwa nini mlichagua ukolezi huu, na ni matokeo gani yangekuonyesha kwamba nadharia tete yenu (dhana mliyokuwa mkiijaribu) si sahihi?