Je, wajua kwa nini Wayahudi huzozania sentensi moja siku ya uhuru wa Israeli?

Kila mwaka Israeli inaposherehekea uhuru wake wa 1948, katika masinagogi mengi huimbwa Zaburi 113 hadi 118. Mfululizo huo huitwa Haleli, yaani sifa, na ndugu yake ni neno letu la kila Jumapili, "Haleluya". Ndani yake mna maneno ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo: "Siku hii ndiyo aliyoifanya Bwana, tutashangilia na kuifurahia."

Zaburi zenyewe hazina shida. Shida ni baraka inayotangulia, inayomshukuru Mungu "aliyetutakasa kwa amri zake na kutuamuru" kusoma Haleli. Kutuamuru lini? Kutaja jina la Mungu katika baraka isiyo na msingi ni kulitaja bure, na hiyo ni kuvunja mojawapo ya Amri Kumi. Kwa hiyo mbele ya sentensi hii marabi hupiga breki.

Wanaoitaka baraka hufungua Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi juu ya sheria, inayosema manabii waliagiza Haleli isomwe kila Israeli inapookolewa katika taabu. Isitoshe, Hanuka, sikukuu ya taa, haimo katika Torati ya Musa, lakini Haleli yake husomwa na baraka siku zote nane. Wapinzani nao huitaja Purimu, sikukuu ya Esta, ambayo haina Haleli kabisa. Sababu mojawapo inayotolewa na Talmudi naipenda sana: Hamani, aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi chini ya mfalme Ahasuero wa Uajemi, alishindwa, sawa, "lakini bado tu watumwa wa Ahasuero." Ukombozi nusu hauimbiwi. Basi ule wa 1948 ulikuwa mzima au nusu?

Mwaka 1949 marabi wakuu wa Israeli, Isaac Herzog na Ben-Zion Uziel, walipita katikati: Haleli isomwe, baraka iachwe. Mwaka 1974, rabi mkuu Shlomo Goren akasema baraka isomwe. Mwenzake wa upande wa Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Mashariki, Ovadia Yosef, akakataa, akisema muujiza wa kusomewa baraka sharti uwe wa Israeli yote, yaani Wayahudi wote, na Wayahudi wengi walikuwa wakiishi nje ya nchi hiyo. Waharedi wengi, yaani Wayahudi washika dini sana, wala hawaingii katika hesabu hii. Kwao hiyo ni siku kama nyingine, na Haleli haisomwi.

Mambo ni matulivu zaidi New York. Sinagogi la Shearith Israel, lililoanzishwa 1654, liliitikia wito wa George Washington wa siku ya shukrani (Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani) tarehe 26 Novemba 1789, na kiongozi wake Gershom Mendes Seixas akahubiri. Desturi ya ibada ya siku hiyo ingalipo: husomwa zaburi za Haleli bila baraka, kisha watu hurudi nyumbani kumla bata mzinga.