Jicho la Kushoto: Namna Ninavyotengeneza Picha za Zamani Zilizoharibika

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto hapa Nairobi, mama mmoja wa makamo alipanda ngazi hadi chumba changu cha kazi karibu na River Road akiwa na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya marehemu baba yake, ya ukubwa wa pasipoti, iliyobanduliwa kwenye kadi ya kazi ya zamani. Ilikuwa na doa la manjano la maji kuanzia paji la uso hadi shingoni, muhuri wa zambarau uliopita begani na kupanda shavuni, na mkunjo uliokatiza jicho la kushoto.

“Fundi, hatuna nyingine ya peke yake,” aliniambia. “Nataka iwe kubwa ya ukutani, ukubwa wa karatasi ya A3 hivi.”

“Mama, acha kwanza tuone ina nini ndani,” nikamjibu.

Picha ile ilikuwa na upana wa sentimita 3.5 na urefu wa sentimita 4.5. Nikiiskani kwa nukta 1,200 kwa kila inchi, napata takriban pikseli (vinukta vinavyounda picha ndani ya kompyuta) 1,650 kwa 2,125, ambazo zinatosha kuchapisha picha safi ya sentimita 14 kwa 18. Zaidi ya hapo karatasi inakuwa kubwa lakini uso hauongezeki chochote. Nilimweleza hivyo kabla ya kupokea hata shilingi moja, kwa sababu mteja anayeahidiwa A3 atakuja kudai A3.

Picha ya zamani isiyo ya rangi ni chembe za fedha zilizoshikiliwa na utando wa jelatini juu ya karatasi. Jelatini ikipata maji huvimba na kulainika, kwa hiyo anayefuta doa kwa kitambaa chenye unyevu anaweza kuufuta uso wenyewe. Mimi hutumia burashi laini, kavu, basi. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu siibandui kamwe. Naiskani pamoja na kioo chake.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi, hata kwa mafundi wenzangu, ni kuskani picha isiyo ya rangi kwa mpangilio usio wa rangi. Picha yenyewe haina rangi, lakini uharibifu wake unazo, na rangi hizo ndizo zinazotuwezesha kuutenganisha na sura ya mtu. Picha ya rangi ndani ya kompyuta ni picha tatu za kijivu zilizopangwa pamoja, yaani chaneli nyekundu, ya kijani na ya bluu. Doa la manjano hufyonza mwanga wa bluu, kwa hiyo katika chaneli ya bluu huonekana jeusi kama masizi, ilhali katika chaneli nyekundu karibu litoweke. Wino wa zambarau nao hurudisha mwanga wa bluu, hivyo muhuri unaosomeka vizuri katika chaneli ya kijani hufifia mno katika ile ya bluu.

Kwa picha ya yule mzee, basi, nilichukua chaneli nyekundu iwe msingi wa uso mzima, nikaweka ile ya bluu kama tabaka la juu, nikalificha lote, kisha nikalifunua kwa burashi ya kompyuta mahali palipopita muhuri tu. Bega likarudi, na kola ya shati ikaonekana na kifungo chake. Palipobaki ni kipande cha shavu ambapo muhuri ulikuwa umeangukia juu ya doa: pale hakuna chaneli iliyokuwa safi, na ilinibidi nifanye kwa mkono, punje kwa punje, kwa muda wa saa mbili hivi.

Niliskani pia kwa biti 16 kwa kila chaneli, yaani kwa daraja nyingi zaidi za mwanga kuliko biti 8 za kawaida. Picha iliyofifia hutumia sehemu ndogo tu ya viwango vya mwanga, na ukiivuta irudi kwenye weusi na weupe wake, zile daraja 256 za biti 8 huachana na kufanya mistari kama ngazi kwenye paji la uso. Biti 16 zina daraja 65,536, kwa hiyo nafasi ya kuvuta ipo.

Kuhusu programu za kuhariri picha sina ubishi. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na burashi yake ya kuponya mwaka 2002. GIMP ni ya bure na inayo vilevile. Burashi ya kuponya huchanganya kiraka na rangi ya jirani, jambo zuri katikati ya shavu, ila kwenye ukingo wa nywele au kola huvuta weusi na kuacha uchafu kama wa kidole chenye grisi. Kwenye kingo natumia kifaa cha kunakili tu, ambacho huhamisha kipande kilivyo bila kukichanganya na jirani.

Likabaki jicho. Mkunjo ulikuwa umeondoa utando kwa upana wa nusu milimita, yaani pikseli 24 hivi, ukipita kwenye ukope wa juu na sehemu ya mboni. Njia ya mkato inayojulikana ni kunakili jicho zima la kulia, kuligeuza na kulipachika. Niliijaribu. Kwanza, nukta ya mwanga ndani ya mboni iligeuka pia, ikawa taa imempiga mzee kutoka pande mbili. Hilo hurekebishika. Nikajaribu vilevile programu moja ya akili bandia ya kurejesha nyuso, nayo ikanipa jicho zuri ajabu, lenye kope zilizochongwa moja moja. Programu za aina hii hujifunza kutoka kwa mikusanyo kama FFHQ, yenye picha 70,000 za nyuso kutoka Flickr, na pasipo na kitu hujaza kile ambacho nyuso hizo zimezifundisha kukitarajia. Ilimfanya pia mzee aonekane na miaka thelathini, na kovu la kidevuni likapotea bila mimi kuagiza.

Nilimpigia mama simu nikamwomba picha yoyote nyingine, hata ya kundi. Alileta ya harusi, uso wa baba yake ukiwa mdogo kuliko punje ya harage. Nikaukuza.

“Mama, jicho hili la kushoto lilikuwa hivi kila siku?”

“Eeh, lilikuwa limelegea kidogo. Tangu ujana wake. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza.”

Nikafuta majaribio yote mawili. Ukope uliosalia kila upande wa mkunjo ulikuwa tayari umeteremka kuliko wa kulia, nami nilikuwa nimeuona nikadhani ni karatasi iliyopinda. Niliunganisha ncha hizo mbili kwa mstari ulioshuka, mboni nikaijaza kutoka kwenye mboni hiyohiyo, na nukta ya mwanga nikaiacha upande wake. Kovu likarudi, na chembechembe za picha pia, maana ngozi isiyo na chembe hung'aa kama sahani ya plastiki.

Alipokuja kuichukua, ikiwa ya sentimita 14 kwa 18, alilitazama jicho kabla ya kitu kingine chochote, akacheka. Nilimpa flashi yenye faili mbili za TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, moja ya skani isiyoguswa na nyingine ya kazi iliyokamilika, ili siku akipatikana fundi bora kuliko mimi aanzie mwanzo. Ile ya asili nilimrudishia ndani ya bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni nilibaki nao: mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na kwa picha ilistahili marufuku hata mapema zaidi, kwa jinsi inavyofungia unyevu.