Sumu ya pamba na hadithi ya maziwa

Msimu huu nimeambiwa tena. Kijana wa Magu, katoka kupiga dawa asubuhi nzima, kitambaa kafunga puani, mkononi ana kikombe cha mgando: "Bwana shamba, nikishashushia hii, sumu inatoka." Inatokea wapi?

Viuadudu kama profenofosi humwingia mpigaji zaidi kupitia ngozi. Maziwa yanakwenda tumboni, sumu iko mgongoni, nayo inaendelea kuingia. Hata aliyeimeza hasaidiki: mafuta ya maziwa yanaweza kuirahisishia njia sumu inayoyeyuka kwenye mafuta.

Nilimwomba ageuke. Shati lilikuwa limelowa kwa umbo la bomba la dawa alilobeba mgongoni. Mpira wa mfuniko ulishakatika, kaziba kwa kipande cha mfuko wa rambo, kwa hiyo kila akiinama dawa inamwagika, inafuata uti wa mgongo, inaingia kwenye suruali. Na huko ndiko kubaya. Mwaka 1971 Howard Maibach, daktari wa ngozi, na wenzake, Marekani, walichapisha vipimo vya parathioni, kiuadudu cha jamii moja na profenofosi, kwenye ngozi za watu: mkononi, chini ya kiwiko, ilipenya karibu asilimia 9, kwenye ngozi ya korodani, karibu yote. Wanaume wenzangu, tunabishana kuhusu barakoa! Kitambaa chenyewe hakizuii mvuke. Nunua mpira wa mfuniko kwanza.

Glovu ziwe za nitraili, mpira unaohimili kemikali; za kitambaa hunyonya sumu na kuigandisha kwenye vidole. Zivae hasa unapochanganya, maana dawa ya kwenye ekapaki, ile chupa ya ekari moja, bado haijaona maji. Suruali ishuke nje ya buti, isichomekwe ndani.

Sasa ovaroli ya mpira. Kitabu kinaitaka, lakini saa saba mchana Magu joto litakuangusha kabla ya sumu. Mimi huwaambia waanze alfajiri, shati la mikono mirefu, nailoni mgongoni. Na hiyo nailoni inanisumbua: inazuia dawa, ila inamtoa mtu jasho, na ngozi yenye jasho hupitisha sumu zaidi. Bado naishauri, kwa shingo upande.

Mtu akianza kutokwa na mate na machozi, mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikamchezacheza, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, wala si ziwani. Anayemwosha avae glovu. Kimbilieni kituo cha afya mkaulizie atropini, dawa ya kukabili sumu hii, na chupa ya dawa mwende nayo, lebo isomeke.