Mti ulikatwa mwaka 1021, na shahidi ni jua

Kuna swali wanafunzi wanapenda sana kutuuliza sisi watu wa mambo ya kale wakija kututembelea, hivi nyie mnajuaje kitu kina miaka mingapi wakati hakuna mtu aliyeandika? Swali zuri sana hilo, na mimi siku hizi najibu kwa kusimulia habari ya vipande vitatu vya mbao. Sio vya huku kwetu, vimetoka Newfoundland, kile kisiwa kikubwa cha mashariki mwa Kanada, sehemu inaitwa L'Anse aux Meadows.

Hapo mwaka 1960 alifika mtu kutoka Norwe, Helge Ingstad, akaonyeshwa na mwenyeji wa pale matuta yaliyofunikwa na majani. Kuja kuchimba, yeye na mkewe Anne Stine Ingstad, wakakuta misingi ya nyumba zile zile Waviking, wale mabaharia wa zamani wa Ulaya kaskazini, walizokuwa wanajenga Iceland na Greenland. Kumbe watu wa Ulaya walishatia mguu Amerika karibu miaka 500 kabla ya Columbus! Wenyewe watu wa Iceland walikuwa na masimulizi yao, wanayaita saga, yanamtaja Leif Eriksson na nchi inaitwa Vinland, ila yalipokezanwa kwa mdomo mpaka miaka kama 200 baadaye ndio yakaandikwa, kwahiyo wengi waliyachukulia kama ngano tu. Sisi tuliolelewa na masimulizi ya wazee tunajua jinsi neno la mdomo linavyodharauliwa kirahisi. Misingi ya nyumba ikamaliza ubishi wa kama walifika, ubishi wa walifika lini ukabaki pale pale.

Sasa mtasema si kuna kile kipimo cha kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi inayopungua taratibu ndani ya kitu kilichokufa? Kipo, na kilitumika. Ila kipimo hicho kwa kawaida kinakupa makadirio, labda kati ya mwaka fulani na fulani, na hapo katikati kuna miongo kadhaa. Ukitaka mwaka wenyewe kinakuangusha. Na hapa ndipo walipoingia watu wa anga.

Iko hivi. Kutoka angani kila sekunde zinatupiga chembe ndogo sana zenye nguvu nyingi, zikigonga hewa kule juu zinasababisha nitrojeni igeuke kuwa kaboni 14, hiyo inaungana na oksijeni inakuwa hewa ya ukaa, mti unaivuta kwa majani yake na kuiweka kwenye mbao. Nchi zenye baridi kali mti unasimama kukua wakati wa baridi, joto likirudi unaendelea, ndio maana ukikata gogo unaona miduara, mmoja kwa kila mwaka. (Miti yetu mingi ya ukanda wa joto haina miduara iliyonyooka hivyo, mbuyu ndio balaa kabisa, unakuta katikati uko wazi, kwahiyo hii njia huku ni ngumu.) Maana yake kila mduara umetunza hewa ya mwaka wake.

Mwaka 2012 mtafiti wa Kijapani, Fusa Miyake wa chuo kikuu cha Nagoya, alipima miduara ya miti mikongwe ya Japani mmoja baada ya mwingine, akakuta kati ya mwaka 774 na 775 kaboni 14 imeruka ghafla kwa kama asilimia 1.2. Mtu anaweza akaona ni kitu kidogo, ila kwa mwaka mmoja huo ni mruko wa ajabu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakatangaza mruko mwingine, wa 993. Barafu ya Greenland na ya ncha ya kusini nayo ilipopimwa ikaonyesha alama za matukio hayo hayo, na wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba jua ndilo lililolipuka na kutumwagia zile chembe kwa wingi kupita kawaida. Na kwa kuwa hewa inachanganyika dunia nzima, mti wa Japani na mti wa Kanada vyote viliivuta alama ile ile.

Nadhani mmeshaona tunakoelekea. Watafiti wa chuo kikuu cha Groningen, Uholanzi, wakachukua vipande vya mbao vya pale L'Anse aux Meadows, vya miti mitatu tofauti, vyote vimekatwa kwa chombo cha chuma, na wenyeji wa eneo lile zama hizo hawakutumia vyuma kukatia miti. Wakatafuta mduara wenye ule mruko wa 993, wakaupata, kisha wakahesabu kuelekea kwenye gome. Miduara 28. Jumlisha 993 na 28, unapata 1021. Miti yote mitatu ikasema 1021! Walitangaza matokeo Oktoba 2021, miaka 1,000 kamili baada ya shoka kupiga.

Kitu kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba mbao zenyewe zilikuwa mabaki ya watu waliokuwa wanafanya kazi zao, yaani takataka. Zilichimbuliwa miaka ya 1970 na zikatunzwa zaidi ya miaka 40, wakati hakuna aliyejua kwamba kuna alama ya jua ndani yake. Ndio maana huwa tunawasihi sana watu, ukiwa unachimba msingi wa nyumba ukakuta vigae, mifupa, mbao zilizooza, usitupe na usioshe, acha pale pale ulipokuta halafu utoe taarifa. Vitu tusivyoweza kuvisoma leo kuna mtu atavisoma kesho.

Na hilo jua lenyewe sio habari ya zamani tu. Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha umeme wa jimbo zima la Quebec, hapo hapo Kanada, watu kama milioni 6 walikaa gizani saa 9 hivi, na ile ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya 993. Ikitokea dhoruba ya ukubwa ule sasa hivi, na setilaiti zote hizi tunazotegemea kwa simu na ramani, hali itakuwa mbaya sana, kwahiyo hawa wanaohesabu miduara wanatusaidia kujua jua linaweza kufika wapi.

Nimalizie na meno, nayo ni mabaki ya kale yaliyokuja kusomwa baadaye. Mwaka 2020 watafiti wengine walichukua meno na mifupa ya watu wa Ulaya kaskazini, wakiwemo wa zama za Waviking, wakakuta humo DNA ya virusi vya ndui. Watu 11, wa kati ya mwaka 600 na 1050 hivi. Kabla ya hapo ushahidi wa uhakika wa kirusi chenyewe ulikuwa unaishia miaka ya 1600. Na ndui ile haikuwa sawa na hii waliyoijua babu zetu, ilikuwa ukoo mwingine ambao umeshapotea, na ilikuwa na jeni zinazofanya kazi ambazo kwenye ndui ya baadaye zilishazimika.

Safari ya ndui iliishia jirani yetu. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa hajachanjwa, mwenyewe alisema aliogopa sindano kwa sababu ilionekana inauma. Alipona. Baadaye akajitolea kwenye kampeni ya chanjo ya polio, anapita nyumba kwa nyumba, na akikutana na mzazi anayesita anamsimulia yaliyompata yeye. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo.