RAW haipunguzi ukali wa picha

Wengi wanaoanza kupiga picha kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, hushtuka. Kwenye kioo cha kamera kope za bibi harusi zinahesabika, lakini faili likifunguliwa kwenye kompyuta picha imepoa, kama imepita ukungu. Basi wanasema RAW inaua ukali. Si kweli. Ulichokiona kwenye kioo ni JPEG, picha ya kawaida iliyobanwa, iliyomo ndani ya faili hilo, ambayo kamera imeshaikoleza na kuinoa, yaani kuiongezea ukali. RAW yenyewe haijanolewa. Kazi hiyo umeachiwa wewe. Na faili hilo limebeba mengi: RAW ya biti 14 ina viwango 16,384 vya mwanga, JPEG ina 256 tu kwa kila rangi.

Ukali hupotea kwingine. Picha yenye upana wa pikseli 6,000 ikipunguzwa hadi 2,000 inahitaji kunolewa tena kidogo, na wengi husahau. Kingine, na hiki kinaniuma zaidi, ni kufungua JPEG, kurekebisha, kuhifadhi, kisha kurudia. Kila mara inabanwa upya. Rudi kwenye RAW. Programu za kuhariri picha kama Lightroom na darktable huandika marekebisho pembeni, faili lenyewe haliguswi. Noa ukiwa umekuza hadi asilimia 100, ukitazama kope zile zile, na uache kabla ngozi haijaanza kuota chembechembe.